Dawa ya Kiwiko si ya Uso

Dawa ya kiwiko si ya uso. Wasichana waliokuwa wakichambua mchele walimsikia Bi Mwavua akimtupia maneno hayo jirani yake, aliyetaka mkwewe mpole atiwe adabu kama alivyotiwa yule wa kwanza aliyekuwa mkorofi. Wakamuuliza yametoka wapi. Bi Mwavua akaweka ungo chini.

Methali hii ilianza hivi.

Sikudhani aliolewa Ujiji akiwa na ngozi njema. Baada ya kujifungua mtoto wa pili, viwiko na magoti yakaota mabaka mekundu yenye magamba meupe, yanayowasha na kupukutika kama unga. Mama mkwe wake, Bi Tabu, hakuuliza ni nini. Alimtengea sahani na kikombe, na siku ya kukanda maandazi akamwambia akae mbali na beseni.

"Hatutaki kula magamba, mwanangu," alisema, na lile neno mwanangu likamchoma Sikudhani kuliko magamba yenyewe.

Akaenda hospitali na mumewe, Mrisho. Daktari wa ngozi akamwambia ugonjwa huo unaitwa soriasisi, hautokani na uchafu, wala haumwambukizi mtu. Akampa tyubu ndogo ya dawa ya kupaka.

"Hii ni kali," akamwonya. "Paka penye baka tu, nyembamba, kisha unawe mikono. Usipake usoni, wala kwapani, wala mapajani kwa ndani. Huko ngozi ni laini, itaharibika. Na mabaka yakilala, usiache ghafla wala usiendelee kwa kupenda kwako. Rudi nikupunguzie."

Sikudhani si mtu wa kupuuza alichoambiwa. Alipaka vile vile alivyoelekezwa. Magamba yakapukutika, mabaka yakalala, na pale yalipokuwa ngozi ikabaki nyeupe kuliko sehemu nyingine za mkono.

Weupe ule ndio uliomtoa udenda wifi yake, Zamoyoni. Harusi yake ilikuwa imekaribia, na bibi harusi asiyeng'aa watu walimsema. Huyo Zamoyoni, tangu ugonjwa uanze, hakuwahi kukaa mkeka mmoja na Sikudhani.

Tyubu ikaanza kupungua. Sikudhani alizoea kuikunja kutoka mkiani, sasa akawa anaikuta imeminywa tumboni. Akauliza kwa upole.

"Nani wa kugusa dawa ya magamba katika nyumba hii?" Bi Tabu akamjibu. "Labda panya."

Wote wakacheka, na Zamoyoni akacheka kuliko wote, mashavu yakimeremeta. Sikudhani akaishonea tyubu ndani ya mto wake. Haukupita muda, akakuta mto umeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, na tyubu haimo.

Mabaka yake yakarudi kwa ukali. Uso wa Zamoyoni nao ukageuka. Ukawa mwekundu, ukatoa vipele vya usaha, mishipa myembamba ikaonekana mashavuni kama nyuzi, na jua likiupiga analia. Akina mama waliokuja kumsinga mwili kwa liwa ya harusi wakamkuta amejifunika kanga gubigubi.

Bi Tabu hakutafuta mbali; akapita mtaani akitangaza kwamba ni magamba ya Sikudhani. Akamwita Sikudhani ukumbini, mbele ya wale akina mama na mbele ya Mrisho.

"Umemwambukiza mwanangu," akasema. "Nilikutengea vyombo, ukaona haitoshi. Mrisho, huyu arudi kwao leo hii. Watoto watabaki."

Mrisho akatazama vidole vya miguu yake.

"Sema nawe, baba watoto," Sikudhani akamwambia. "Daktari alisema nini? Ulikuwepo."

Mrisho akakohoa, basi.

"Mbona uso wake umekuwa hivi?" Bi Tabu akauliza.

"Muulizeni mwenye uso."

Hapo Zamoyoni, aliyekuwa ameketi pembeni, akautoa mkono chini ya kanga, akamvuta Sikudhani upindo wa gauni. Alinong'ona, lakini kila mtu alisikia.

"Wifi, huna nyingine? Nikiacha kuipaka ndipo uso unapowaka hivi."

Sikudhani akaunasua upindo wake.

"Mkono wangu mliuogopa," akasema, na hakupaza sauti. "Magamba yangu mliyakimbia. Dawa ya magamba hayo hayo mkaiiba, mkajipaka. Mama, panya wako ndiye huyu?"

"Niliona kiwiko chako kimekuwa cheupe," Zamoyoni akalia. "Nikajua ni ya kung'arisha."

"Kiwiko changu kilikuwa kigumu kama ukoko wa sufuria. Ile dawa ilipewa ukali wa kupambana na ukoko. Shavu lako lilikuwa na kosa gani? Dawa ya kiwiko si ya uso."

Kesho yake Sikudhani alimpeleka Zamoyoni hospitali, na njia nzima hakumsemesha. Daktari akasema Zamoyoni aache dawa ile na atibiwe pale pale hospitali, na ajue uso utawaka kwanza kabla ya kupoa, tena si kwa siku mbili tatu. Harusi ikaahirishwa. Sikudhani akapewa tyubu yake nyingine.

Waliporudi, Bi Tabu akawapokea mlangoni. "Basi, mwanangu, yamekwisha. Hakuna anayekufukuza."

"Hayajaisha. Mtaa mzima umeambiwa nimemwambukiza Zamoyoni. Aliyewaambia akawaambie tena."

"Nipite mlango kwa mlango, mimi mtu mzima?"

"Ulipita kunitangaza. Njia unaijua."

Bi Tabu akajitanda kanga, akatoka, Sikudhani nyuma yake. Kila mlango walipoulizwa bibi harusi amepatwa na nini, ulimi wa Bi Tabu ulikataa kusema kwamba mwanawe aliiba. Akatafuta pa kupita, akapata: "Dawa ya kiwiko si ya uso." Watu wakamtazama Zamoyoni dirishani, wakakitazama kiwiko cha Sikudhani, wakaelewa yote.

"Na la pili, mama," Sikudhani akamkumbusha kila mlango.

"Na ugonjwa wake hauambukizi," Bi Tabu akasema, macho chini.

Hilo la pili watu walilisahau upesi. La kwanza likabaki midomoni mwao, na mtu akiuchukua ukali uliopimiwa kigumu akautia kwenye laini, hadi leo anaambiwa: dawa ya kiwiko si ya uso.