Kalunguyeye na Viambatisho vya Mheshimiwa Kiboko

Jamani, mpo?
— Tupo, tumekaa!
Masikio yako wapi?
— Mahali pake!
Na midomo?
— Tumeifunga, tumebakiza ya kucheka!
Basi ngano hiyo inashuka.
— Ishuke, tumeitandikia!

Hapo kale, ila si kale mno, kwa sababu halmashauri zilikuwa zimekwisha kuanzishwa na mihuri imekwisha kuchongwa, palikuwa na kijibonde kiitwacho Mikoche. Humo aliishi Kalunguyeye, mnyama wa kuenea kiganjani, mwenye miiba mgongoni na haya usoni. Hakuwa peke yake. Kushoto kwake aliishi Mama Sange, mwenye pua ndefu na maneno marefu kuliko pua. Kulia aliishi Bwana Pimbi na watoto ambao hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika ya idadi yao. Chini, kwenye kijito, waliishi vyura, na kazi yao ilikuwa kubishana tangu alasiri. Kalunguyeye alikuwa akilalamika kwamba hapati hata nafasi ya kusikia mawazo yake.

Mjini, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu mifupi, alikaa Mheshimiwa Kiboko, Mwenyekiti wa Halmashauri ya Mbugani. Kiboko alikuwa na mdomo mpana na moyo uliotosha kuujaza mdomo huo. Aliunda Kikao cha Kupunguza Taka za Vifungashio, na kila mjumbe aliyehudhuria alipewa boksi. Ndani ya boksi mna mfuko, ndani ya mfuko mna pakiti, ndani ya pakiti mna karatasi ya kung'aa, na ndani ya karatasi ya kung'aa mna biskuti mbili. Mjumbe asipokuja, Mheshimiwa alimlia kwa niaba. Basi kikao kilichokuwa cha kila mwezi kikawa cha kila wiki, na cha kila wiki kikawa cha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa kuwa tatizo la taka, alisema Mheshimiwa, linazidi kukua.

Na kweli lilikua. Lilikua nyuma ya ofisi mpaka likafika dirishani. Wajumbe wakauliza, "Tulipeleke wapi?"

"Mikoche," akasema Kiboko akitafuna. "Kwa muda tu."

Punda wa halmashauri akafungwa mkokoteni. Garagara, garagara, garagara, pwaaa! Garagara, garagara, garagara, pwaaa!

"Punda, ndugu yangu, ni nini hiki?" Kalunguyeye aliuliza.

"Bibie, mimi nimetumwa tu. Ila karatasi inasema ni kwa muda."

Mifuko ikaziba kijito. Vyura wakahama, wakibishana njia nzima. Mtoto mmoja wa Pimbi akaingiza kichwa kwenye kopo, kikatoka kwa shida. Bwana Pimbi akahama siku hiyohiyo, akihesabu watoto. Mama Sange ndiye alikuwa wa mwisho. Alisimama mlangoni kwa Kalunguyeye, akakosa neno, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu azaliwe, akaenda zake.

Sasa Kalunguyeye alikuwa na nafasi ya kuyasikia mawazo yake. Akayasikiliza siku mbili, akaona hayana mengi. Asubuhi akipita mbele ya shimo la Mama Sange alisema, "Habari za kuamka, jirani?" na pakiti tupu zilijibu kwa upepo: chakacha.

Kule mjini "kwa muda" ikaanza kuchosha, Kiboko akataka Mikoche iwe dampo rasmi. Ila sheria ilisema dampo haliwekwi mahali penye mkazi. Akatumwa Korongo, mwenye miguu mirefu na daftari, aende akahesabu. Korongo akafika, akapiga hodi. Kalunguyeye, ambaye hakuwa amebishiwa hodi kwa siku nyingi, alishtuka kwa furaha na haya pamoja, na kalunguyeye akishtuka hujiviringisha. Akawa tufe. Korongo akaliangalia tufe, akaligusa kwa mdomo, akaandika: "Mikoche. Wakazi: hakuna. Vifuu vya nazi: kimoja." Kalunguyeye alipojikunjua, Korongo alikuwa amekwisha kwenda.

Tangazo likabandikwa kwenye mti: kijibonde hakina mkazi, kuanzia mwezi ujao ni dampo la kudumu, mashimo yote yafukiwe.

Kalunguyeye akafunga safari mpaka mjini. "Mheshimiwa, mimi naishi Mikoche. Hilo shimo mnalotaka kulifukia ni nyumba yangu."

Kiboko akafunua daftari. "Hapa pameandikwa hakuna mkazi."

"Lakini mimi niko hapa mbele yako."

"Hapa, ndiyo. Hapa si Mikoche. Wewe utakuwa ulipita tu kule." Akacheka mpaka biskuti zikamtoka puani. "Na kama una malalamiko, andika barua. Halmashauri hii haijawahi kukataa barua."

"Haijawahi?"

"Hata moja!"

Kalunguyeye akashika njia ya nyumbani, akitembea polepole na akirudia maneno hayo. Haijawahi kukataa barua. Hata moja.

Kesho yake aling'oa mwiba mmoja mgongoni, akauchovya katika maji ya zambarau, akaandika nyuma ya kipande cha boksi:

"Kwa Mheshimiwa Kiboko, Mwenyekiti wa Halmashauri, Mlezi wa Vikao Vyote. Yah: Mali yako. Nimeikuta Mikoche. Kwa kuwa umetangaza kwamba Mikoche haina mkazi, huko hakuna wa kuipokea. Nairudisha ikiwa imeambatishwa. Naomba majibu. Wako mtiifu, Kalunguyeye, Mikoche."

Akajiviringisha juu ya lundo, pakiti ikachomeka mgongoni: chu! Akatembea, pakiti ikapiga kelele: chakacha, chakacha, chakacha. Akafika masijala, chumba ambamo barua zote za halmashauri hupokelewa na kuwekwa katika majalada. Aliyekaa humo alikuwa Mzee Kobe, karani aliyewaona wenyeviti sita wakiingia na kutoka, na hakuwahi kuinua shingo kwa hata mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bibie. Kiambatisho ni kimoja?"

"Pakiti moja ya biskuti, mzee. Tupu."

"Utupu si kazi ya masijala." Akagonga mhuri: ndu! Akampa kikaratasi kilichoandikwa "Imepokelewa."

Njiani Kalunguyeye alikisoma kile kikaratasi mara tatu. Neno moja tu. Lakini tangu Mama Sange aondoke hakuna aliyemwambia hata hilo moja. Akakichomeka ukutani, karibu na anapolaza kichwa.

Siku ya pili akabeba pakiti kumi na barua kumi. Chu, chu, chu! Chakacha, chakacha, chakacha! Ndu, ndu, ndu! Siku ya tatu akabeba ishirini. Chu, chu, chu! Chakacha, chakacha, chakacha! Ndu, ndu, ndu! Alipoona safari moja kwa siku haitoshi, alimwomba Punda, ambaye alikuwa akirudi mjini na mkokoteni mtupu.

"Bibie, mimi nimetumwa kuleta. Sikutumwa kurudisha."

"Umekatazwa?"

Punda akafikiri. "Sijakatazwa."

Basi mkokoteni ukaenda Mikoche umejaa, ukarudi mjini umejaa. Mwanzoni Mheshimiwa alifurahi. "Mnaona?" aliwaambia wajumbe. "Naandikiwa barua kuliko Simba!" Lakini masijala ikajaa, ukumbi ukajaa, ngazi zikajaa. Kiboko akaunguruma: "Kobe! Tupa takataka hizi!"

"Si takataka, Mheshimiwa. Ni viambatisho."

"Kuna tofauti gani?"

"Takataka haina kumbukumbu namba."

"Basi vitenganishe na barua!"

"Kanuni ya kumi na nne: kiambatisho hakiachani na barua yake mpaka barua ijibiwe. Uliitia saini mwenyewe, siku ile ya keki."

"Mjibu, basi, tumalize!"

"Kwa anwani ipi?"

"Ya Mikoche, ipi nyingine!"

Kobe akavua miwani, akaifuta. "Mikoche haina mkazi, Mheshimiwa. Ukimwandikia mkazi wa Mikoche, umekubali yupo. Akiwapo, dampo lako limevunja sheria."

Kiboko akasukuma jalada pembeni. "Basi asijibiwe."

"Vema. Barua isiyojibiwa, jalada lake hukaa chumbani kwa mhusika."

"Mhusika ni nani?"

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake Kobe aliinua shingo, akamtazama.

Majalada yakahamia kwa Mheshimiwa. Yakajaa mezani, yakajaa chini ya meza, yakapanda ukutani mpaka kwenye picha yake mwenyewe. Jumatano moja Kiboko aliingia ofisini mapema apate usingizi kabla ya kikao. Akafunga mlango: paa! Rundo likatikisika, likainama, likashuka lote nyuma ya mlango: pwaraaaa!

Mlango ule ulifungukia ndani. Kiboko akausukuma, ukazidi kujifunga. Akausukuma kwa nguvu zote za kiboko. Ukakaza kama umepigiliwa misumari. Nje, ukumbini, akasikia sauti anayoijua kuliko jina la mama yake: boksi, mfuko, pakiti, karatasi ya kung'aa. Chakacha, chakacha, chakacha.

"Jamani, na la Mheshimiwa je?" mjumbe mmoja akauliza.

"Hajafika kikaoni," akajibu Korongo. "Tumlie kwa niaba."

"Nipo!" alinguruma Kiboko. "Jamani, nipo humu!"

"Kitabu cha mahudhurio hakioneshi," akasema Korongo, na taya zikaendelea.

Ndipo uso mdogo ukatokea kati ya nondo za dirisha.

"Hodi, Mheshimiwa."

"Kalunguyeye! Mwanangu! Nitoe humu!"

"Nani, mimi? Mimi kifuu cha nazi, Mheshimiwa. Kifuu kitamtoa nani?"

"Nimekosa. Wewe ni mkazi. Ni mkazi wa kwanza na wa pili!"

"Hayo tuyaandike."

Yakaandikwa. Kwamba Mikoche ina mkazi, na dampo lifungwe. Kwamba muuza duka atapokea makopo na chupa alizouza, na mnunuzi aje na kikapu chake. Kwamba kilichofungwa mara nne kifungwe mara moja, na kinachoweza kufungwa kwa jani kifungwe kwa jani. Kwamba karatasi ziende kiwandani kwa Panya azisage upya, na makopo yaende kwa Nyani fundi akatengeneze koroboi. Kwamba kitafunwa cha kikao kiliwe sinia moja.

"Sinia moja!" Kiboko akalia machozi ya kweli. Lakini nje aliwasikia wakifungua boksi la pili la kwake. Akatia saini. Kobe akapitisha mhuri dirishani: ndu!

Barua zote zikajibiwa, viambatisho vikatolewa dirishani kimoja kimoja, na siku ya tatu mlango ukafunguka, Mheshimiwa akatoka akiwa amepungua kidogo. Maandishi yale yakawa sheria ndogo, nayo ikafanya kazi yake, tena upesi kuliko ilivyotarajiwa: palipokuwa hapana boksi, wajumbe waligundua kwamba kikao kimoja kwa mwezi kinatosha kabisa.

Punda alikuja Mikoche na mkokoteni mtupu, akaondoka umejaa, mpaka siku moja hakukuwa na cha kubeba. Kijito kikatiririka. Kalunguyeye akafagia mlango wake, akafagia mlango wa Mama Sange, akafagia milango ya akina Pimbi yote, akakaa kusubiri.

"Punda, umewaona huko?"

"Mama Sange amejenga Kilimani, bibie. Kapata jirani kiziwi, wanaelewana sana. Watoto wa Pimbi wameanza shule. Vyura," Punda akatikisa masikio, "vyura hakuna anayejua."

Punda naye hakuwa na sababu ya kurudi tena. Kalunguyeye alifikiria kumwandikia Mzee Kobe. Akazunguka bonde zima akitafuta hata pakiti moja ya kuambatisha. Bonde lilikuwa safi.

Baada ya mwezi ukaja waraka. Halmashauri ilimfahamisha kwamba, kwa kuwa Mikoche imethibitika kuwa na mkazi, sasa ni kitongoji kamili, na kila kitongoji sharti kiwe na mwenyekiti, katibu na kikao cha kila mwezi, na muhtasari uletwe masijala. Kalunguyeye akafanya uchaguzi, akashinda. Kisha akaandika:

"Muhtasari wa Kikao cha Kwanza cha Kitongoji cha Mikoche. Waliohudhuria: mmoja. Akidi ilitimia. Waliotoa udhuru: hakuna. Wasiohudhuria bila taarifa: Mama Sange, Bwana Pimbi na familia, vyura wote. Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kuja. Taarifa ya usafi: kitongoji ni kisafi. Taarifa ya kelele: hakuna kelele. Mjumbe mmoja aliuliza wenzetu watarudi lini. Mwenyekiti alijibu kwamba jambo hilo liko nje ya uwezo wa kikao. Mjumbe hakuridhika. Mwenyekiti naye hakuridhika. Ilikubaliwa kwamba kikao kisifungwe mapema, kwa kuwa wajumbe hawakuwa na pa kwenda."

Na funzo la ngano hii, enyi wasikilizaji, li wazi: mkitafuta mahali pa kutupa taka zenu, msiogope kuzitupa mlangoni kwa mtu. Hakikisheni tu kwamba hajui kuandika.

Ngano yangu nimeitua hapo.
— Tumeipokea!
Anayeitaka aichukue.
— Tutaibeba mikononi, hatuhitaji mfuko!