Goti Ambalo Hakuna Aliyeliombea

Ndugu zangu, leo nawapeleka India, ila msiwe na wasiwasi, tutarudi kabla ya sadaka.

Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mkulima wa tangawizi kwenye miteremko ya Upare. Tumwite kama mkewe alivyomwita, Baba Namsifu, naye mkewe ni Mama Namsifu. Goti la kulia la mzee huyu lilikuwa limekwisha kabisa. Shambani alipanda kwa fimbo, akashuka kwa makalio. Kanisa letu lilimwombea jumuiya kwa jumuiya, mpaka watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanalitaja goti lile kama vile ni ndugu yao. Binti yao, Namsifu, akahangaika huku na huko, baba yake akapata nafasi ya kupasuliwa India. Mama akaenda naye kumwuguza.

Upasuaji ukaenda vizuri. Goti bovu likatolewa, likawekwa la bandia. Baada ya siku chache wakahamia nyumba ya wageni mkabala na hospitali. Chumba chao kilikuwa chini, lakini jiko la wageni lilikuwa ghorofa ya pili, na lifti haikuwepo.

Sasa nisimsingizie mzee wa watu, alikuwa mtu wa shukrani. Kila asubuhi aliomba sala ndefu. Alimshukuru Mungu kwa ndege na kwa rubani, akamshukuru kwa daktari, akamshukuru hata kwa yule asiyemjua aliyekitengeneza kile chuma kilichomo mguuni mwake. Mama Namsifu aliitikia amina, akachukua sufuria, akapanda ngazi kwenda kupika uji. Akishuka anakuta amesahau sukari, anapanda tena. Anamwogesha mzee, anamvalisha soksi, anafua, halafu anapanda kupika cha mchana.

Mzee alikuwa na kazi moja tu, mazoezi. Dada wa mazoezi alikuja kila siku, akamweleza kuwa goti jipya lisipokunjwa litakakamaa, na maombi yote yale yataishia kwenye mguu mgumu kama mchi. Akamfundisha namna ya kwenda ngazini: wakati wa kupanda mguu mzima unatangulia, wakati wa kushuka unatangulia ule mgonjwa. Mzee alijaribu vipandio vitatu, maumivu yakampanda hadi kisogoni, akarudi kitandani. Akasema Mungu aliyemfikisha pale atamwinua kwa wakati wake.

Mnaijua lugha hiyo? Ni yetu. Tunamwachia Mungu hata yale ambayo Mungu ametuachia sisi.

Wiki ya pili wakarudi kwa daktari. Mama Namsifu akapiga magoti sakafuni kumvua mumewe kiatu. Alipotaka kuinuka alishika ukingo wa kitanda, akasimama nusu, akatulia kidogo, akajivuta tena. Daktari alikuwa ameshika picha ya goti la mzee. Akaiweka mezani, akamtazama mama.

Daktari yule alisema Kiingereza, na mama hakukijua. Mkalimani wao alikuwa mzee mwenyewe.

"Muulize mkeo goti lake limeanza kuuma lini," daktari akasema.

Mzee akatabasamu, akamjibu kuwa mkewe ni mzima, katoka ukoo wa watu imara. Daktari akamwambia kwa upole kwamba hakumuuliza yeye. Amuulize mama.

Basi ikabidi. Mzee akamgeukia mkewe. "Daktari anataka kujua goti lako limeanza kuuma lini."

Mama Namsifu akaitazama soksi iliyokuwa mkononi mwake. "Mwambie si kitu."

"Linauma?"

"Tangu Namsifu yuko kidato cha pili."

Na Namsifu huyo, wakati wazazi wake wako India, alikuwa tayari na watoto wawili.

"Mbona hukuniambia?"

"Lako lilikuwa linapiga kelele, Baba Namsifu. Nikaona nyumba moja haitaweza kubeba magoti mawili."

Mzee alitakiwa kuyatafsiri maneno hayo. Miaka thelathini na sita amefundisha Kiingereza, na siku hiyo kikamkauka mdomoni. Alikuwa anaziona zile ngazi. Alikuwa anaiona sufuria ikipanda na kushuka, siku kumi na moja, huku yeye amelala chali akimshukuru Mungu kwa rubani.

Daktari akampima mama. Goti lilikuwa limechakaa, ila halijafika pa kupasuliwa. Akamwandikia dawa na mazoezi, akamkataza ngazi.

Kesho yake asubuhi mzee akaanza sala kama kawaida. "Bwana, nakushukuru kwa..." Akakwama. Dada wa mazoezi alipoingia, mzee akamwambia mkewe abaki amekaa, akachukua fimbo, akamwomba yule dada amsindikize mpaka jikoni. Mguu mzima kwanza. Kila kipandio kilimtoa jasho, na mara mbili aliegemea ukuta akafumba macho, lakini hakurudi nyuma. Huko juu akapika uji, mtu ambaye tangu aoe hajawahi kukoroga hata chai. Akautia kwenye chupa ya chai, akaifunga kifuani kwa kanga ya mkewe, akashuka nayo polepole, mguu mgonjwa mbele.

Mama Namsifu akanywa. Akatafuna kidogo. "Uji una mabonge, Baba Namsifu."

"Tafuna," akasema mzee. Kisha akakaa kando yake. "Asante, mke wangu."

"Asante ya nini?"

"Sijui nianzie wapi."

Alipanda ngazi zile kila siku mpaka walipoondoka, na goti likakunjika, daktari mwenyewe akashangaa. Leo ukipita kwao utawakuta barazani wote wawili wakifanya mazoezi, wameshika ukuta mmoja, wakicheka.

Sasa sisi. Kanisa zima liliombea goti moja. Je, la pili lilikuwa limefichwa? Lilikuwa linapita katikati yetu kila Jumapili, linapanga viti, linabeba sufuria za harambee. Imani yetu inaona mpaka ng'ambo ya bahari, lakini haioni upande wa pili wa kitanda. Tunamshukuru Mungu kwa mkono wake, halafu mkono wenyewe aliotutumia tunauachia vyombo uoshe. Nami simo nje ya hesabu hiyo.

Kwa hiyo leo, ibada ikiisha, msijipange mlangoni kunishika mkono. Nendeni nyumbani. Mtafute yule anayekuhudumia kimya kimya, mama, mume, dada wa kazi, yeyote yule, umuulize, "Wewe unaumwa wapi?" Akikujibu si kitu, usiondoke. Muulize mara ya pili. Usingoje mgeni wa mbali aje akuulizie.