Somo Aliyekataa Kushuka

Asiyeshuka hafiki.

Jana mama yenu mdogo Riziki aliitupa methali hiyo jikoni, akanikonyeza, akaondoka na sahani yake ya vitumbua. Ninyi mkabaki mnatazamana. Shamila, wewe uliyenuna siku ya tatu sasa kwa ajili ya kanga ya dada yako, ukasema, "Bibi, hiyo haimo kwenye kitabu cha shule." Kweli haimo. Mimi niliishia darasa la nne, na kitabu chetu hakikuwa nayo pia, kwa sababu siku hizo ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa mchana kweupe, mlimani Kitonga, malori yakipiga honi, nami nilikuwepo. Tena nilikuwa mkunga wake, ingawa mpaka leo hakuna aliyenishukuru.

Methali hii ilianza hivi.

Tulikuwa mashoga watatu hapa Kilosa: mimi, Sikudhani na Chausiku. Sikudhani alikuwa mwanamke wa kwanza mtaani kwetu kuendesha bajaji. Aliinunua akiwa na miaka hamsini na miwili, watu wakamcheka mpaka wakachoka. Akaiandika nyuma kwa rangi nyekundu: USINICHEKE, NITAKUPAKIA. Na kweli aliwapakia wote.

Chausiku alikuwa somo. Msichana akivunja ungo, somo ndiye anayemfunda; akiolewa, somo ndiye anayempaka liwa ya kunukia, anayemvisha, na anayekaa ubavuni mwake shekhe akija kumuuliza kama amekubali. Chausiku alikuwa amefunda nusu ya wanawake wa mji huu, na heshima hiyo aliivaa kama kanga ya tatu. Hakuwa mnene. Alikuwa mkubwa. Kuna tofauti, naye mwenyewe alitufahamisha mara nyingi.

Katika wari wake wote, wasichana aliowafunda, hakuna aliyempenda kama Riziki. Mama yake Riziki alifariki mtoto ana miaka sita, Chausiku akamchukua na kumlea. Basi Riziki alipopata mchumba kule Ilula, ng'ambo ya Kitonga ukielekea Iringa, harusi ikapangwa iwe hukohuko, nyumbani kwa shangazi yake, Jumamosi ya mwisho ya Shaabani. Nanyi mnaijua Shaabani ilivyo: kila mtu anakimbilia kuoa kabla mfungo haujaingia. Shekhe alikuwa na harusi nyingine Iringa mjini siku hiyohiyo. Alisema atatungoja mpaka alasiri. Akishaswali anaondoka, na hapo ndoa itasubiri mpaka baada ya Idi. Riziki naye, aliyetangulia kwa shangazi yake wiki nzima, alikuwa ameshatoa neno lake: "Bila somo wangu ubavuni, simjibu shekhe."

Tungeweza kwenda kwa basi. Nafasi zilikuwepo Alhamisi. Chausiku ndiye aliyekataa.

"Mimi somo, nikabanane na matenga ya kuku? Waniletee gari."

Gari likaahidiwa. Ijumaa jioni tukapigiwa simu kwamba limekufa gia hata kabla halijatoka Iringa. Tukakimbilia stendi, mabasi ya kesho yake yalikuwa yamejaa. Tukarudi, tukakaa sebuleni kwa Chausiku kama watu waliofiwa. Sikudhani akakohoa.

"Bajaji ipo."

"Bajaji mpaka Ilula?" nikauliza.

"Kwani Ilula ni mbinguni? Si barabara inafika?"

Chausiku akafikiri kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayewafanyia wengine hisani, "Haya. Lakini nikae peke yangu nyuma."

Hakukaa peke yake. Alikaa na mimi, au tuseme mimi nilikaa mahali alipobakiza. Miguuni petu palikuwa na sanduku la nguo za bi harusi, chetezo cha udi, sinia la shaba, na jiwe lake la kusagia liwa, zito kama deni la jirani.

"Shoga, huko Ilula hakuna mawe?" nikamuuliza.

"Jiwe hili limewaoza wasichana sitini na mmoja. Wewe limewaoza wangapi jiwe lako?"

Nilikuwa sina jiwe.

Kabla hatujaondoka alijifukiza udi, akapanda, akajitandaza, akatangaza: "Sasa msikilize. Somo akishatiwa udi na kupanda chombo, hakanyagi chini mpaka mlangoni kwa mwari."

"Nani kasema?" Sikudhani akauliza huku akiwasha.

"Somo wangu aliyenifunda."

Somo wake alikuwa amekufa miaka thelathini nyuma, kwa hiyo hatukuweza kumuuliza. Mimi nimeozesha watoto, nimehudhuria harusi za kila kabila, na sheria hiyo sijawahi kuisikia popote. Lakini Chausiku akishasema, amesema.

Tukaondoka alfajiri. Ile bajaji ilikwenda kama kuku aliyetumwa dukani: hatua mbili, mrukio mmoja. Kila lori likitupita upepo wake ulitusukuma pembeni, Chausiku akasoma dua, Sikudhani akajibu "Amina" bila kugeuka. Hata hivyo tulicheka. Tuliimba nyimbo zote za harusi tulizozijua, na zile zisizoimbwa mbele ya wanaume tukaziimba mara mbili.

Mikumi tukasimama. Mimi na Sikudhani tukashuka, tukajinyoosha, tukaenda msalani, tukanywa chai na maandazi. Chausiku akaletewa chai palepale alipokaa. Nikamtazama alivyoshika kikombe kama malkia, na hapo ndipo ibilisi wangu aliponigusa begani. Nikamwambia mwenye mgahawa anijazie chupa nzima ya chai ya tangawizi.

"Kunywa, shoga yangu," nikamwambia tulipoondoka. "Safari ndefu, koo litakauka."

"Ahsante, Mwantumu. Wewe ndiye unayenijali."

Nikammiminia. Alipomaliza nikamwongezea. Tulipofika Ruaha Mbuyuni alikuwa na vikombe vinne tumboni. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka tu kuona kama sheria ya somo wake ina nguvu kuliko maumbile. Pale Mbuyuni tukamuuliza kama anataka kushuka walau ajinyooshe. Akasema hapana, ila nyimbo aliacha kuimba, na magoti aliyabana.

Saa sita mchana tukaanza kuupanda mlima Kitonga. Ninyi mmeupita mkiwa mmelala kwenye basi. Barabara imejishikiza ubavuni mwa mlima, kushoto jabali, kulia bonde, na malori yanapanda yakiguna kama wazee wanaoinuka kitini. Kona ya kwanza tulipita. Kona ya pili bajaji ikaanza kupunguza mwendo, ikapunguza, ikasimama, halafu, wanangu, ikaanza kurudi nyuma.

"Jiwe!" Sikudhani akapiga kelele huku amekanyaga breki kwa miguu yote miwili. "Mwantumu, jiwe!"

Sijui nilitoka vipi. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa chini, nimelikumbatia jiwe la liwa, nikalisukumia nyuma ya tairi. Bajaji ikatulia.

"Jiwe langu!" Chausiku akalia kutoka ndani.

"Sasa limetuoza sisi," nikamjibu.

Sikudhani akashuka, akalitazama tairi, akautazama mlima, akamtazama Chausiku. Nyuma yetu lori likasimama, utingo akachungulia dirishani.

"Mama zangu, mmepakia mashine ya kusaga?"

"Tumepakia somo!" nikamjibu.

Sikudhani akaenda ubavuni mwa bajaji, akasema kwa upole, "Chausiku, mwenzangu, injini hii ni ya kubeba watu kwenda sokoni. Ikiwa tupu itapanda. Shuka, tuisukume mpaka juu."

"Sishuki."

"Shoga, saa zinakwenda."

"Sikudhani, mimi nimekwambia tangu nyumbani. Nitafikaje kwa watu na vumbi miguuni, nikanuke jasho kama mpagazi? Watasema somo wa Riziki ameokotwa njiani. Mtoto yule hana mama. Heshima aliyo nayo siku ya leo ni mimi."

Hapo sikucheka. Niliona kwamba hakuwa anaringa tu; alikuwa anaogopa. Lakini bajaji haielewi mambo hayo. Tukasukuma naye akiwa ndani, mimi nyuma, Sikudhani ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani na bega kwenye nguzo. Tukasogea hatua kumi, tukatia jiwe. Hatua sita, tukatia jiwe. Hatua tatu.

Akatokea nyuma yetu bibi mmoja wa Kihehe, mwembamba, ndoo ya nyanya kichwani, mjukuu mgongoni, akitembea kama anayekwenda uani kwake.

"Kamwene!" akatuamkia.

"Kamwene, mama!"

"Mnakwenda wapi na kigari hiki?"

"Harusini, Ilula."

Akamchungulia Chausiku mle ndani, akatabasamu na meno yake mawili. "Nami naelekea hukohuko. Basi nitangulie, nikawaambie mnakuja."

Akatupita. Nawaambieni, alitupita! Ndoo haikutikisika. Chausiku alimfuata kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona.

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa Riziki. Simu zile za zamani zilikuwa na sauti kubwa, kila mtu alisikia, hata utingo.

"Somo, shikamoo. Shekhe amekwishafika. Anatazama saa. Umefika wapi?"

"Nimekaa, mwanangu."

Kisha mtoto akaanza kulia.

"Somo, mimi sikukuuliza umekaaje. Nimekuuliza umefika wapi."

Chausiku akaishusha simu mapajani. Akaitazama. Akatutazama sisi, tulivyolowa jasho, kanga zimetuanguka. Akavua viatu vyake vya harusi, vile vyenye ua la dhahabu, akaviweka juu ya sanduku. Kisha akatoa mguu mmoja nje, akaukanyaga mlima Kitonga. Akatoa wa pili.

Bajaji ikainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nitafuteni kichaka kwanza," akasema bila kututazama.

Utingo akageuka upande wa pili kwa adabu. Kichaka kilipatikana, na alipotoka huko alikuwa na uso wa mtu aliyesamehewa. Akafunga kanga kiunoni, akaliinua lile jiwe la liwa, akalitwika kichwani mwenyewe.

"Washa, Sikudhani. Tangulia. Utungoje juu."

Bajaji tupu ikapanda, polepole lakini bila kusimama, nasi nyuma yake kwa miguu. Alianza kuimba Chausiku. Ule wimbo usioimbwa mbele ya wanaume. Utingo alijifanya hasikii. Kona baada ya kona, tulipumzika mara nne, mara mbili nililibeba jiwe mimi, na nilijuta kwa nini nililicheka asubuhi. Kileleni, alipotungoja Sikudhani, tulimkuta yule bibi wa nyanya ameketi kwenye jiwe, anapumua. Chausiku akamwambia, "Mama, panda. Zamu yako kukaa." Huko juu njia haina mlima tena, tukaingia sote: bibi, mjukuu, nyanya, sinia, somo. Mimi nilikaa mbele, nusu kwenye kiti na nusu hewani.

Tulipoingia Ilula muadhini alikuwa anaadhini alasiri. Turubai la harusi lilikuwa limeziba njia, na Sikudhani akafunga breki. Kabla hajasema neno, bajaji iliyumba: Chausiku alikuwa ameshashuka, anakimbia peku katikati ya wageni, jiwe mikononi, watu wakimpisha. Shekhe alikuwa barazani, mguu mmoja ndani ya kiatu.

"Shekhe, uvue hicho!" Chausiku akamwambia kwa mbali.

Shekhe akakivua. Kwa sauti ile, nani angekataa?

Mimi niliingia chumbani nyuma yake. Nilitaka kuona watu watasemaje juu ya yale mavumbi. Riziki alikuwa kitandani na hina zake, macho mekundu. Akamtazama somo wake kuanzia kichwani mpaka miguuni, miguu ile myekundu kwa udongo, imechubuka vidoleni. Mtoto akashuka kitandani, akavuta beseni lililowekwa kwa ajili yake, akapiga magoti, akaanza kumwosha somo wake miguu.

"Acha, hina yako," Chausiku akasema akivuta mguu.

"Hina imeshakauka, somo. Ulichelewa."

Tukacheka na kulia kwa pamoja, kama wanawake tunavyojua. Shekhe akauliza kutoka mlangoni kama bi harusi amekubali. Chausiku akakaa ubavuni mwake, miguu ikiwa bado inachuruzika maji, Riziki akajibu, "Nimekubali," kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani, ambako Sikudhani aliitikia kwa honi.

Ngoma ilipoanza, Chausiku aliitwa katikati atoe neno la kumfunda mwari. Zamani alikuwa akitoa maneno mengi. Siku hiyo alisimama peku, akamshika Riziki mkono, akasema moja tu, na wanawake wakalipokea, wakaliimba mpaka likatuvuka Kitonga kurudi hapa Kilosa. Siku hizi hata wasiomjua wanalisema.

Habari ya chai Chausiku hajaijua mpaka leo. Yuko hai, anasikia vizuri, na nyumba yake mnaijua. Atakayemwambia atanitambua.

Sasa Shamila, dada yako yuko chumba cha pili, hatua nane tu, wala si mlima. Hutaki? Haya, mimi sikulazimishi. Lete kikombe chako nikuongezee chai, mjukuu wangu. Kunywa tu. Asiyeshuka hafiki.