Kiboko na Tangazo la Kutoketi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na maduka na sisi bado tunaomba chumvi kwa jirani, palikuwa na duka kubwa kando ya mto. Kila asubuhi ukungu uliingia kama mteja asiye na haja, ukanusa sukari, ukatoka.

Digidigi, mpimaji wa nafaka, alilipenda duka lile. Kila mfanyakazi alikuwa na kigoda chake, na vicheko havikukatazwa. Kisha akaja meneja mpya, Kiboko. Wiki ya kwanza akapiga marufuku vicheko. Ya pili, vigoda. Akabandika tangazo lenye mihuri mitatu, yote ya kwake: ATAKAYEKETI KAZINI, KAZI HANA.

Tabu ni kwamba Bi Kanga wa kaunta alikuwa anaatamia mayai sita kikapuni.

"Simama, Bi Kanga!"

"Nikisimama yatapoa, bwana meneja. Zimebaki siku mbili tu."

"Kuna fomu ya kuatamia?"

"Haipo."

"Basi na kuatamia hakupo. Nikimaliza kukagua rafu nikukute wima, la sivyo nenda zako!"

Bi Kanga akalia bila sauti, maana sauti nayo ilihitaji kibali. Digidigi hakuweza kutazama. Akamwendea Kiboko, tip, tip, tip.

"Shikamoo, bosi. Umesimama tangu alfajiri! Miguu ya chuma hiyo."

"Marahaba. Mimi ni mfano wa kuigwa."

"Na mto leo, bosi... umetulia kama maziwa. Maji ya vuguvugu. Matope laini yanapanda, taratibu, magotini... tumboni..."

"Tumboni," Kiboko alinong'ona.

"Majani yanapita. Hakuna fomu. Chubwi... chubwi..."

Duka zima likawa kama linaelea. Kope za Kiboko zikashuka. Magoti yakalegea.

Puu! Akaketi sakafuni, akakoroma.

"Bosi! Umeketi!"

Kiboko akazinduka. Wafanyakazi wote walikuwa wamemzunguka, wakisoma tangazo kwa pamoja, polepole, kama watoto wa darasa la kwanza. Akawatazama. Akalitazama tangazo. Akanyoosha shingo, akalibandua kwa meno, akalila, na mihuri yake yote mitatu.

"Mnasoma tangazo gani?" akauliza, akitafuna.

"Hatulioni, bosi," alijibu Digidigi, akimsogezea kigoda.

Bi Kanga hakusimama. Siku ya pili, ko! ko! ko! Vifaranga sita, wote bila kibali.

Sheria inayokushinda wewe, usimtwike mwenzako. Na hadithi yangu, wanangu, imeketi hapo.