Mkanda wa Viganja

Kabla kuta za Mghimbi hazijajua viganja vya watoto, kila nyumba ya kijiji kile ilipakwa kwa mikono ya watu wazima tu, kuanzia chini hadi penye paa. Leo ukipanda mlimani kule utaona mambo mengine. Kila nyumba imezungukwa chini, usawa wa goti, na mkanda wa viganja vidogo vyeupe. Tena utaona kwamba katika nyumba nyingi mkanda huo umekatika mahali, pakaachwa nafasi tupu ya upana wa kiganja kimoja. Wapita njia huuliza kama mpakaji alichoka, au kama udongo ulimwishia. Hakuchoka, wala udongo haukumwishia. Jambo hili lina chanzo chake, na chanzo chenyewe kinaudhi mpaka leo.

Wakati huo udongo mweupe ulitoka katika shimo moja tu, kwenye korongo lililo nyuma ya kijiji. Ulichimbwa mara moja kwa mwaka, masika yakishakatika, na kila nyumba ikapata kapu lake. Wanawake waliukanda kwa maji ya mlenda ili ushike vizuri, na walipokuwa wakiupaka walimwomba Mungu kwa sauti ya chini awalinde watakaolala ndani. Kwa sababu hiyo palikuwa na mwiko mmoja, na kila mtu aliujua: udongo ulioshika ukuta haubanduliwi ukapakwa ukuta mwingine. Nyumba ikianguka, udongo wake huachwa hapo hapo, mvua iurudishe ardhini. Maombi ya nyumba moja hayahamishwi.

Katika kijiji hicho aliishi mjane aliyeitwa Nakijwa, na mtoto wake mmoja, Namkunda, msichana wa miaka saba. Namkunda alianguka alipokuwa mdogo akaumia mkono wa kuume, na kidole chake cha mwisho kilipona kikiwa kimepinda kuelekea nje, kama kinachotaka kuondoka peke yake. Watoto wenzake walimtania kwamba kidole chake kinasikiliza mambo ya jirani. Naye aliwajibu, "Ndiyo, na kimesikia kwenu hamjala."

Mwaka mmoja, baada ya masika, Namkunda alimwambia mama yake kwamba yeye na wenzake wanataka nyumba yao. Nakijwa hakucheka. Alichukua panga akakata fito, akazisimika nyuma ya nyumba yake, mahali penye kivuli cha migomba. Upana ulikuwa hatua nne za mtu mzima, na mlango ulikuwa mfupi hata yeye mwenyewe alipotaka kuingia alipiga magoti. Watoto tisa wa jirani walileta kamba za migomba, wakafunga fito, wakaezeka kwa majani makavu. Kisha wakakanyaga udongo mwekundu kwa miguu yao, wakakandika kuta nje na ndani, na nyuso zao wenyewe pia.

Ilipofika siku ya kupamba, Nakijwa alitoa kapu lake lote la udongo mweupe. Nyumba yake yeye aliiacha nyekundu mwaka ule. Watoto walipaka kuta nyeupe, wakaacha mkanda mwekundu chini, kisha wakachora kwa majivu na mkaa: ng'ombe mwenye miguu sita, jua, kuku anayemfukuza mwewe. Namkunda akatumbukiza mkono katika udongo mweupe, akaubandika ukutani kando ya mlango. Wenzake tisa wakafuata. Vikawa viganja kumi kwa mstari. Ndani waliweka mafiga matatu madogo, vigae vya kuwa sahani, na watoto wa magunzi waliofunikwa majani ya mgomba. Mtu mzima akipita bila kupiga hodi alifukuzwa kwa kelele.

Miezi miwili baadaye Namkunda alishikwa na homa. Siku ya tatu Mungu akamchukua.

Nakijwa hakubakiwa na kitu cha mtoto wake. Nguo yake alizikwa nayo. Kikapu chake aliomba shangazi yake, akapewa. Kilichobaki ni kile kiganja kando ya mlango wa kijumba, chenye kidole kilichopinda. Kila asubuhi, kabla ya kwenda mtoni, Nakijwa alipiga magoti pale, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, akasali. Kisha akainuka akaenda kufanya kazi. Watoto tisa waliendelea kucheza mle ndani, naye aliwaacha, maana kelele zao zilimfaa.

Sasa asikie mwenye masikio mambo aliyoyafanya mtu mzima.

Jumbe wa Mghimbi alikuwa Kirumbi, mtu mwenye ng'ombe na wake wawili. Alijenga baraza kubwa la kupokelea wageni, akawatangazia wakwe zake wa mlima wa pili kwamba watakapokuja watalikuta jeupe toka juu hadi chini. Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa makali, na kingo za korongo ziliporomoka zikafunika shimo la udongo mweupe. Vijana walichimba siku sita wasilione. Kwenye vyungu vya kijiji kizima palikusanywa udongo uliobaki, ukatosha ukuta mmoja na nusu. Wageni walikuwa wanakuja baada ya siku nne.

Mtu mwenye haya angesema, jamani, nilijisifu, baraza litakuwa jekundu. Kirumbi hakusema hivyo. Aliwatuma watu wake watatu, wenye majembe na makapu, wakaenda nyuma ya nyumba ya Nakijwa saa ambayo alikuwa mtoni. Wakawatoa watoto ndani kwa kuwavuta miguu. Wakakwangua kuta za kijumba mpaka fito zikaonekana kama mbavu.

Nakijwa alikutana na watoto njiani wakilia. Alipofika, wale watu walikuwa wanajitwika makapu. Hakuangalia makapu. Aliangalia kando ya mlango, akaona fito tupu. Mtungi aliokuwa nao kichwani akautua polepole, hata tone halikumwagika, akatembea moja kwa moja hadi kwa jumbe.

"Jumbe," alisema, "umenichukulia nini?"

"Nakijwa, mwanangu," alijibu Kirumbi, "keti kwanza. Msiba wako nimeulilia pamoja nawe, unajua."

"Umeulilia pamoja nami, na leo umeukwangua kwa jembe. Nirudishie ukuta wangu."

"Ukuta gani? Kile ni kibanda cha mchezo. Na mwenyewe wa kucheza hayupo tena. Mimi nina wageni."

Aliyasema maneno hayo mchana kweupe, mbele ya watu, na ardhi haikupasuka. Watu waliosimama pale waliangalia chini. Watoto tisa ndio waliofungua midomo. Walisimama nje ya ua wakaimba: "Jumbe kaishiwa, kaomba kwa watoto! Jumbe kaishiwa, hata hodi hakupiga!" Wakafukuzwa kwa fimbo.

Nakijwa alimwambia, "Wewe unaujua mwiko. Udongo huo uliombewa nyumba ya watoto. Haya, upake kwako. Mungu hajalala usingizi." Akaondoka bila kuaga.

Mpakaji mkuu wa kijiji alikuwa Bibi Nairuku, mwanamke mzee ambaye mikono yake ilipaka karibu kila nyumba ya Mghimbi. Alipoletewa makapu alitia mkono ndani, akatoa kipande chenye alama ya mkaa, mguu mmoja wa yule ng'ombe wa miguu sita.

"Jumbe, udongo huu umeshashika ukuta," alisema.

"Uponde."

"Ukipondwa haubadiliki kuwa mwingine."

"Bibi, nimekuita upake au nimekuita unifundishe?"

Basi akapaka. Na hili nalo halipendezi kulisimulia, kwamba mwanamke aliyejua akapaka. Lakini aliogopa, kama wengi waliogopa, na aibu ile alikuwa nayo mpaka alipokufa. Udongo ukapondwa, ukalowekwa, ukakandwa, ukapakwa. Baraza likawa jeupe toka juu hadi chini, na Kirumbi akalizunguka mara tatu akicheka peke yake.

Siku ya nne asubuhi, wageni wakiwa wameshaonekana wakipanda mteremko, ukuta ulikuwa umekauka. Na chini ya ukuta wa mbele, usawa wa goti, palikuwa na viganja kumi vya watoto.

Kirumbi alipiga kelele kwamba wale watoto watundu wameingia usiku wakaharibu baraza lake. Akaagiza maji, ukuta ukasuguliwa. Viganja havikufutika, maana havikuwa juu ya udongo, vilikuwa ndani yake. Akaagiza wakwangue. Walivyokwangua ndivyo vilivyozidi kuonekana. Wageni wakafika, wakasimama na mizigo yao, wakitazama.

Kwa kuwa alikuwa ameaibika mbele ya wakwe, Kirumbi alitaka mtu wa kumbebesha aibu. Akaamuru watoto tisa waletwe na fimbo iletwe. "Kila mmoja aweke mkono wake pale," alisema. "Mkono utakaoingia, mwenye mkono atachapwa."

Wa kwanza akaweka mkono, ukaingia sawasawa katika kiganja cha kwanza. Wa pili akaweka, ukaingia. Wakaenda hivyo mmoja mmoja, na kila mmoja alikwenda penye kiganja chake bila kuonyeshwa, kama mtu anayekwenda kwenye kitanda chake. Wote tisa wakaisha. Kiganja kimoja kikabaki, kilicho karibu zaidi na mlango.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Kirumbi. "Nani amejificha?"

Mkwe mkubwa, mzee mwenye mkongojo, alitaka kuona vizuri, na kwa kuwa kiganja kilikuwa chini ilimlazimu kupiga magoti. "Mtoto huyu ana kidole kilichopinda," alisema. "Yuko wapi?"

Ndipo mtoto mdogo kuliko wote akasema, "Huyo ni Namkunda. Tulimzika mwaka jana."

Mkwe mkubwa hakuinuka. Akiwa magotini akageuza kichwa akamwuliza Kirumbi, "Ndugu yangu, udongo huu ulitoka wapi?"

Kirumbi akamwangalia Bibi Nairuku, naye Bibi Nairuku akasema kwa sauti ambayo kijiji kizima kilisikia, "Ulitoka kwenye kijumba cha watoto. Tuliukwangua. Mimi nilipaka. Sasa sipaki tena hapa, hata nikivunjwa mikono."

Wageni hawakuingia barazani. Walikaa nje juani pamoja na mizigo yao, wakasema wataingia siku mwenye ukuta atakapowapa ruhusa.

Nakijwa aliitwa. Alikuja akiwa na jembe begani, kutoka shamba. Watu walimpisha tu, akaona. Akapiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya kile kidogo, kama alivyofanya kila asubuhi, na midomo yake ikawa inatembea. Jua lilihama kidogo kabla hajainuka.

Kirumbi alipiga magoti pembeni yake. "Nakijwa, nimekosa. Sema unachotaka."

"Mwanangu huwezi kumrudisha, na sikuombi," alisema. "Lakini ulisema hayupo. Umwambie yeye, si mimi."

Na jumbe wa Mghimbi, mwenye ng'ombe na wake wawili, aliinamisha uso mpaka usawa wa kiganja cha mtoto akasema, "Hodi, Namkunda. Nimekosa." Watoto tisa walisikiliza vizuri kama amepiga hodi. Alikuwa amepiga.

Ukuta ule haukuguswa tena. Nakijwa alikwenda pale kila asubuhi ya maisha yake, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kumwuliza anakwenda wapi. Wageni aliwaruhusu waingie, lakini yeye hakula chakula cha Kirumbi siku ile wala siku nyingine. Alisamehe kwa ajili ya Mungu. Kula hakulazimishwi.

Masika mengine yalipokwisha, shimo la udongo mweupe likapatikana tena. Kapu la kwanza lilipelekwa kwa watoto, wakapaka upya kijumba chao. Kisha Nakijwa akapaka nyumba yake mwenyewe, na kabla hajaanza aliwaita wale tisa waweke viganja chini ya ukuta. Akawapanga mmoja mmoja. Baada ya mlango akaacha nafasi, kisha akaendelea.

Bibi Nairuku, aliyekuja kusaidia, akamwambia, "Mama, hapa umeruka."

"Sikuruka," alisema Nakijwa. "Hapo pana mtu."

Na tangu siku hiyo, katika milima ile, hakuna mtu mzima anayepaka nyumba yake kabla watoto hawajapewa udongo wao wa kijumba, na hakuna anayeingia katika kijumba hicho asipopiga hodi na magoti. Viganja vya watoto huzunguka kila nyumba. Na mahali mkanda unapokatika, wenyeji hawaulizi. Hupitisha mkono pale taratibu, huita jina la mtoto wa nyumba ile, kisha huingia ndani.