Jini Kashifu na Posa ya Mshona Makubadhi

Mwenye kikohozi na akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Katika mji wa Durari alitawala Sultani Shahruzi bin Nuumani, mtu mpole, mpenda halua, na sokoni mwake palikuwa na birika la shaba, na ndani ya birika alikaa jini aitwaye Kashifu, na jini huyo aliulizwa lolote akajibu kabla muulizaji hajafunga kinywa. Fundi mzuri wa milango ni nani? Dawa ya chango iko wapi? Naye papo hapo, "Labeka! Nenda kwa fulani," na watu wakaenda. Walimpenda, na mimi siwalaumu, maana alikuwa na adabu na hakuchoka. Lakini wafanyabiashara wakagundua kwamba anayemfukizia ubani mwingi ndiye anayetajwa kwanza, na asiyemfukizia hatajwi kabisa, na asiyetajwa duka lake huota nyasi.

Basi mjini humo alikuwako binti aitwaye Ruzuna, mwana wa Mzee Khelefu muuza vitambaa, na moyo wake ulikuwa kwa Amrani, kijana mshona makubadhi wa mtaa wa nyuma, ambaye kila akishauriwa kufukiza ubani husema, "Nifukize ili niambiwe nipo?" Amrani akaleta posa. Zamani ada ya Durari ilikuwa baba wa binti kupita mlango kwa mlango akimuulizia mposaji kwa majirani zake, lakini ada hiyo ilikwisha kufa bila ya mtu kuilia, maana nani atachosha miguu na birika liko pale? Mzee Khelefu akaenda kuliuliza, akarudi kakunja uso.

"Mwanangu, jini hamjui. Hakuna mtu kama huyo."

"Ala! Baba, si huyo aliyekushonea makubadhi uliyovaa?"

Mzee akaitazama miguu yake. "Kashifu hamjui," akarudia, kwa sauti ndogo sasa. "Na Ijumaa ninamjibu mtoto wa muuza zafarani, ambaye naye kaposa, na jini amemsifu sana."

Ruzuna alilia mpaka macho yakamvimba, kisha akanawa uso, akajitanda ukaya wake, akashika njia ya kwenda barazani kwa Sultani, na kwa kule kunawa uso tu, mimi nampenda binti huyu.

"Ewe maulana," akasema, "Mwenyezi Mungu akudumishe katika enzi yako na akuzidishie nuru. Nimekuja kumshitaki Kashifu, kwa kuwa amepata nguvu ya kumfuta mtu aliye hai."

"Livunjwe birika!" akanguruma Waziri.

"Hasha!" akasema Kadhi. "Tukilivunja tutakuwa vipofu. Na atafutwe jini wa pili, washindane."

"Bwana Kadhi, na huyo wa pili naye atapenda ubani," akasema Ruzuna, na baraza zima likacheka, na Kadhi mwenyewe akacheka.

Sultani akaamuru birika liletwe, akaliinamia. "Ewe Kashifu, nikitaka kumuuliza mwingine asiyekuwa wewe, nimuulize nani?"

"Labeka, maulana! Niulize mimi."

Kicheko kikaanza tena, kisha kikakatika, maana kila mmoja alitafuta kichwani mwake jina la mwingine wa kuulizwa na hakulipata. Sultani akashika tama.

"Usimvunje, maulana," akasema Ruzuna. "Mama yangu alipougua, ndiye aliyetuonyesha mganga. Lakini kila amtajapo mtu, aseme kwanza kama kafukiziwa. Na wale majini wadogo wa mitaani, waliofungiwa ghalani mwako watu walipoacha kuwauliza, wafunguliwe, kila mtaa uwe na wake. Na ada ya kuulizia irudi."

Sultani akapitisha yote, na akamwagiza Mzee Khelefu aianze ada hiyo kwa miguu yake mwenyewe.

Mzee akatoka akinung'unika. Mlango wa kwanza wakamwambia, "Amrani? Ana hasira za karibu, na akiimba kuku wanakimbia." Mlango wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa wa mjane, Bi Zuwena, naye alisikia jina tu akaanza kulia. "Mume wangu alipopooza, kijana huyo alimbeba mgongoni kila Ijumaa hadi msikitini, mpaka siku aliyofariki. Hakuna aliyemtuma." Mzee Khelefu alisimama pale kizingitini, haya zimemshika, akiyatazama makubadhi yake.

Akarudi nyumbani. "Mwanangu, mtu wako ana hasira na hajui kuimba."

"Najua, baba."

"Basi watu waanze kutwanga hina."

Ikafanywa arusi ambayo Durari haijaona mfano wake, na Sultani akawatunuku nyumba ya mawe na kumfanya Amrani mshonaji wa kasri, na birika la shaba nalo likaalikwa, likawekwa juu ya mto wa hariri. Na shangwe zilipotulia, sauti ikatoka ndani yake, ya unyonge.

"Bibi arusi, huyu bwana niliyesema hayupo, ni mtu wa namna gani?"

Jini yule hakuwa amewahi kuuliza swali tangu aumbwe. Ruzuna, na hina yake mbichi mikononi, akakaa chini kando ya birika, akamsimulia. Nanyi wapenzi wangu, ajuaye mengi muulizeni, wala msione vibaya, ila mkitoka kwake piteni na kwa jirani mkabishe hodi.