Bi Pimbi Akataa Kuzima Moto

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango, masufuria na majirani wa kuwasengenya, paliishi juu ya jabali mama mmoja jina lake Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mnyama wa mawe, ukubwa wake kama sungura, hana mkia wala hana haya. Mume alikuwa amekufa, watoto wameshakwenda kwao, naye alibaki na mpangaji wake Popo, aliyening'inia darini mchana kutwa akikoroma.

Jabali lile lilikuwa zuri. Asubuhi lina jua, jioni lina upepo, na ukiketi juu yake unaiona nchi yote. Simba, ambaye ndiye aliyekuwa jumbe, alilitamani siku nyingi. Lakini hakuweza kulichukua, kwa sababu nchi ile ilikuwa na mila yake: nyumba ni moto. Nyumba ambayo jiko lake lina moto, hata kama ni kaa moja tu limefukiwa kwenye jivu, haiguswi na mtu. Jiko likipoa, basi. Atakayewasha moto wa kwanza pale ndiye mwenye nyumba, na wa zamani abebe mkeka wake aende.

Moto wa Bi Pimbi aliuwasha bibi yake. Haukuwahi kuzimika.

Sasa jioni moja, watu wakiwa wanasonga ugali, ukatokea mwanga mbinguni. Haukuwa nyota, maana nyota haitembei hivyo. Haukuwa kimondo, maana kimondo hupita fyuu, kikaisha. Huu ulikuwa wa mviringo, mwekundu kidogo. Ukaja polepole, ukasimama juu ya kilima kama mgeni anayeuliza njia, kisha ukaenda zake. Haukusema kitu, haukumla mtu.

Mngewaona hao wakubwa. Nyati alikimbilia ndani akavunja mlango wake mwenyewe. Simba aliingia uvunguni mwa kitanda, mkia ukabaki nje, na Fisi, mpiga mbiu wake, akaukanyaga huo mkia akitafuta nafasi naye.

Bi Pimbi alikaa juu ya jabali akautazama mwanga mpaka ukapotea.

"Umeuona?" akamwuliza Popo.

"Nimeuona. Umepita sakafuni."

"Juu, wewe."

"Kwako ni juu, bibi. Mimi nikining'inia, mbingu ndiyo sakafu."

"Haya, huko sakafuni. Unadhani ni kitu gani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Kesho tutatazama tena."

Kesho yake Simba alipotoka uvunguni alitoka na fikra. Wakubwa wakishikwa na woga hawakai nao bure, huutafutia kazi. Akaita baraza, akamwambia Fisi aseme.

"Sikieni," Fisi akasema. "Mwanga ule unatafuta moto. Ukiona jiko linawaka, unashuka hapo na kuchoma nyumba hiyo na za jirani. Kwa hiyo mkinisikia napiga pembe, kila mtu amwage maji jikoni kwake, afunge mlango, ajifunike gubigubi mpaka asubuhi. Na mtu asitazame juu. Anayeutazama anauita."

"Na Jumbe je?" Bi Pimbi akauliza.

"Jumbe hatazima. Jumbe atakesha na moto wake akitulinda."

"Kumbe mwanga wenyewe una adabu. Unachoma kila mwenye moto, ila ukifika kwa Jumbe unapiga hodi."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakajifanya wanakohoa.

Usiku ule ule pembe ikalia. Puuu, puuu. Nguchiro akamwaga maji jikoni, akajifunika shuka yeye na mkewe na watoto. Asubuhi alipojifunua akaona moshi unatoka jikoni kwake, na Fisi ameketi kwenye kigoda anachochea kuni.

"Umeamkaje, mjomba?" Fisi akasema. "Nimepita hapa nikakuta jiko la baridi. Mila unaijua."

Nguchiro akabeba mkeka wake. Baada yake Kanga, baada ya Kanga Digidigi. Kila pembe ilipolia nyumba moja iliondoka, Fisi akiwasha moto kwa niaba ya Jumbe, na nyumba za wadogo zikajaa shemeji zake Simba.

Bi Pimbi, yeye, kila usiku alikuwa nje juu ya jabali, shingo ameinua. Pembe ilipolia alitazama huku, akatazama kule. Hakuona mwanga wowote. Akaingia ndani, akaongeza kuni.

Mwishowe Fisi akampandia, amebeba chungu cha maji begani.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Hicho chungu cha nini?"

"Pembe imelia na moto wako unawaka. Nimekuja kukusaidia."

"Nisaidie kwa kuteremka. Pembe imelia kwa sababu gani?"

"Mwanga umepita."

"Umepitia wapi?"

Fisi akanyoosha mkono, akaukunja, akaunyoosha upande mwingine. "Pale."

"Pale ni mwezi, mwanangu. Nimekaa hapa tangu jua lizame. Nimeuona mwezi, nimeziona nyota, nimekuona na wewe ukininyatia na chungu. Huo mwanga sikuuona."

"Hukuuona kwa sababu ulikuwa unautazama."

"Hebu rudia hapo."

Fisi akajaribu kurudia, likamshinda. Akabaki anahema na chungu chake.

Hapo Simba akatokea chini ya jabali, na nyuma yake majirani wote wanatetemeka. Alikuwa amewatoa mashukani makusudi.

"Bi Pimbi," akasema, sauti nzito ya kistaarabu, "mimi sitakugusa. Mila siivunji. Lakini moto wako utawaletea hawa balaa, na hawa wana mikono."

"Zima tu, Bi Pimbi," Nguchiro akalia. "Utatuchoma."

"Nguchiro, wewe hata nyumba ya kuchomwa huna. Unalala chini ya gogo."

"Nyumba sina. Watoto ninao."

 

"Kesho," Simba akasema, "mkutane nyumbani kwangu jua likizama. Pembe ikilia na moto huu ukiwa unawaka, mtapanda mumteremshe yeye na mkeka wake. Mmesikia?"

"Tumesikia, Jumbe."

Wakaondoka. Bi Pimbi akaketi karibu na mafiga ya bibi yake, akachokonoa makaa, akafikiri. Kulia hakulia. Kisha akamtingisha Popo.

"Nitakupa mzigo kesho."

"Mzigo gani?"

Jibu alilipata kesho yake jioni. Bi Pimbi alitoka bondeni amebeba mfuko wa shashi nyeupe, kitambaa chembamba kile kinachopitisha mwanga, ameushona mwenyewe. Ndani yake vimulimuli tele, wanawaka na kuzima, wanawaka na kuzima.

Popo akameza mate. "Lakini hiki ni chakula, bibi."

"Ukila hata mmoja, utahama hapa leo leo. Utaruka nao juu, polepole, usikimbie kama mwizi. Ukifika juu ya paa la Simba, zunguka hapo hapo mpaka usikie harufu ya uji."

"Uji wa nani?"

"Wangu. Nenda."

Jua lilipozama, majirani walikuwa wamejaa uani kwa Simba, wengine na kamba, wengine na fimbo, na kila mmoja anatazama vidole vyake vya miguu. Mara wakamwona Bi Pimbi anaingia, ameshika kigae kilichofunikwa.

"Nimekuja mwenyewe," akasema, "msije mkachoka kupanda."

Simba akafurahi. "Umezima?"

"Pembe haijalia bado, Jumbe. Au inalia kabla ya mwanga?"

"Fisi, piga," Simba akaamuru.

Fisi akainua pembe. Ili kuipuliza vizuri ni lazima uinue kichwa, na alipoinua kichwa pembe ikatoa sauti ya kifaranga. Pii.

"Mzee," akanong'ona.

"Piga, nimesema."

"Mzee, tazama juu."

"Juu hakuna kitu, mjinga wee. Piga."

"Kipo, mzee. Huu si wangu. Ule wangu nilikuwa naubuni tu kama ulivyoniagiza. Huu upo kweli."

Uani pale palikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu alisikia. Nguchiro akainua kichwa. Kanga akainua. Digidigi akainua. Na kweli, mwanga wa kijani ulikuwa unakuja kutoka upande wa jabali, unawaka na kufifia, bila haraka. Ukafika juu ya paa la Simba, ukaanza kuzunguka.

Simba akauona. Akakumbuka uvungu.

"Jumbe," Bi Pimbi akasema, "si mlisema unatafuta moto? Katika ua huu sioni moto mwingine ila wako."

Usimwambie mwongo kwamba uongo wake umekuwa kweli, atakuamini kuliko wote. Simba aliingia jikoni kwake mbio, akainua mtungi, akamwaga. Chwaaa. Akainua wa pili, chwaaa, moshi ukamtia chafya. Akajirusha uvunguni, Fisi nyuma yake, wakapigania shuka moja humo ndani.

Bi Pimbi akaingia taratibu. Akalipapasa jiko, akalikuta baridi kama jiwe la mtoni. Akafunua kigae: kulikuwa na kaa moja jekundu kutoka mafigani kwake. Akalitia jikoni, akapanga vijiti vikavu, akapuliza. Fuu, fuu. Moto ukashika. Akabandika uji, akakalia kigoda cha Simba.

Harufu ya uji ilipomfikia, Simba alitoa kichwa.

"Nani amewasha moto nyumbani kwangu?"

"Nyumbani kwa nani?"

Kabla hajajibu, Popo akaingia dirishani, hoi, akautupa mfuko sakafuni. "Bibi, mmoja kaniingia mdomoni. Nakuapia, sikumtafuta."

Bi Pimbi akafungua mfuko. Vimulimuli wakatoka, wakasambaa chumba kizima, mmoja akatua kwenye pua ya Simba akawaka, akazima.

"Umenidanganya," Simba akanguruma, masufuria yakalia ukutani.

"Nimekudanganya. Mara moja. Na wewe umetupigia pembe mara ngapi?"

"Nitakutafuna."

"Nitafune mbele yao." Mlangoni walikuwa wamesimama majirani, wale wa kamba na wale wa fimbo, na safari hii hakuna aliyetazama chini. "Lakini kwanza utoe hukumu, maana jumbe ni wewe. Jiko lililozimwa kwa uongo linahesabika limepoa, au halihesabiki? Kama linahesabika, nyumba hii ni yangu, beba mkeka wako. Kama halihesabiki, basi la Nguchiro halikupoa, wala la Kanga, wala la Digidigi, na shemeji zako wabebe yao. Chagua. Uji wangu unachemka."

Simba akamtazama Fisi. Fisi akajifunika shuka.

"Halihesabiki," Simba akasema, kwa sauti ya mtu anayeongea na kifua chake.

"Kaliseme mlangoni. Wa nyuma hawakusikia."

Akaenda mlangoni akalisema. Watu hawakupiga vigelegele wala nini. Waliondoka pale pale kwenda kugonga milango yao, na usiku ule shemeji za Simba walipishana njiani na mikeka vichwani. Bi Pimbi akalirudisha kaa lake kwenye kigae, akavizima vile vijiti, na uji wake hakuuacha. Simba alilala gizani na njaa, kwa sababu hakuwa na wa kumwomba moto.

Fisi naye hadi leo huzunguka usiku akilia kwa mdomo mtupu, bila pembe, uuu-wi, uuu-wi. Hakuna anayezima jiko.

Usiku ule ule, majirani walipokwisha kupata nyumba zao na kumsindikiza Bi Pimbi hadi chini ya jabali, Nguchiro akauliza, "Lakini Bi Pimbi, ule mwanga wa kwanza kabisa, ule mwekundu, ulikuwa nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, na kwa kuwa sijui ndiyo maana natazama. Siku nikijua nitakwambia, na sitakudai nyumba yako kwa kukwambia. Panda uketi. Lete na watoto."

Wakapanda wote, wakaketi karibu na moto unaowaka, shingo wameinua.

Anayekukataza kutazama juu ameshatia mkono wake jikoni kwako.